Kovu kwanza, rangi mwisho: kutambua mtengenezaji na umri wa gololi za zamani

Ukimwagiwa mezani gololi mia za zamani, jicho litakimbilia rangi. Lizuie. Viwanda viliigana rangi bila haya, vingine viliyeyusha chupa na mitungi iliyovunjika, na siku tanuru lilipobadilishwa rangi zilitoka gololi ambazo hazimo katika orodha yoyote ya bidhaa. Ushahidi uko kwenye kovu, yaani pale tonge la kioo cha moto lilipokatwa. Mtu aliyekata kwa mkasi kutoka kwenye mche wa kioo aliacha kovu la namna moja. Mashine iliyokata mtiririko wa kioo ikaacha la namna nyingine. Na mashine za viwanda mbalimbali zikatofautiana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo anza na kovu, fuata mchoro, kisha ukubwa, kisha kioo chenyewe. Rangi iwe ya mwisho.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, kalipa ya kusoma sehemu za kumi za milimita, tochi ndogo yenye mwanga mkali, na tochi ya mionzi ya urujuanimno. Uchafu hujificha hasa ndani ya kovu, kwa hiyo osha kabla ya kuamua chochote. Tandika taulo ndani ya bakuli la plastiki, tia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, sugua kwa mswaki laini, suuza, kausha. Maji ya moto usiyatumie. Gololi iliyopoozwa vibaya kiwandani bado ina mkazo ndani yake, na badiliko la ghafla la joto linaweza kuipasua miaka 90 baadaye. Gololi za udongo usiziloweke, na zenye picha usizisugue.

Kulitafuta kovu

Ishike gololi chini ya taa moja, uone mng'ao wa taa juu yake. Izungushe polepole mpaka mng'ao huo upite uso wote, kisha igeuze robo mzunguko urudie. Mng'ao ukikatika, ukipinda au ukitetemeka, simama hapo na uweke lenzi. Utakuta moja ya mambo haya.

Vitovu viwili vinavyotazamana, kila kimoja kikwaruzo au kijibanzi kilichosagwa, na mistari yote ya rangi ikitoka kimoja kwenda kingine: gololi hiyo ilikatwa kwenye mche kwa mkono. Kitovu kimoja tu: ilitengenezwa tonge moja moja kwenye ncha ya fimbo. Rangi iliyojikunja kama tarakimu 9 upande mmoja na kuishia na mkia upande wa pili: tonge lilichotwa kwa mkono, likaviringwa na mashine. Mikunjo miwili myembamba inayotazamana, ambayo ukucha hauisikii: mashine tupu. Na kama huoni chochote, usikimbilie kusema ni ya mkono. Gololi nyingi za mashine mshono wake, yaani mikunjo hiyo, uliyeyuka ukapotea, na nyingine zimepigwa msasa upya. Hizo za msasa nitazirudia, maana ndizo zinazowagharimu watu fedha nyingi zaidi.

Za mkono: Lauscha na jirani zake

Takriban gololi zote za kioo za mkono unazoweza kukutana nazo zilitoka Ujerumani, na kitovu cha kazi hiyo kilikuwa Lauscha, mji wa wahunzi wa kioo katika Thuringia. Katika miaka ya 1840 ulibuniwa huko mkasi wenye kikombe kidogo kwenye ncha: ukiubana juu ya mche wa kioo moto, kikombe hulifinyanga tonge na ukingo hulikata. Biashara ya kuziuza nje ilistawi tangu katikati ya karne ya 19 mpaka vita vya 1914 vilipoikatiza, na iliporudi ilikuta mashine za Marekani zimeshachukua soko. Kwa hiyo gololi ya mche yenye vitovu viwili, isiyo kazi ya fundi wa siku hizi, iweke kati ya miaka ya 1850 na 1914. Kuibana zaidi ya hapo kwa gololi peke yake ni kubahatisha. Sanduku husaidia zaidi: sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka kuanzia 1891, hivyo sanduku lenye neno "Germany" si la kabla ya mwaka huo.

Aina zake hutajwa kwa kiini. Washa tochi nyuma ya gololi utazame katikati. Kiini cha wavu wa nyuzi nyembamba ndicho cha kawaida kuliko vyote; nyuzi nyeupe ni tele, za manjano zinafuata, na rangi nyingine ni adimu. Kuna kiini kizima kisichopitisha mwanga, kiini kilichogawanyika kuwa tepe tatu au nne zenye nafasi kati yake, na kiini cha utepe mmoja au miwili mipana. Angalia pia mistari ya nje imesokotwa kuelekea wapi. Mafundi wengi walisokota upande uleule, na gololi iliyosokotwa kinyume hutafutwa. Mistari ikikatika kabla ya kufika kitovuni upande mmoja, hiyo haina kasoro: ilikuwa ya kwanza au ya mwisho kwenye mche, na wapo wanaoikusanya kwa sababu hiyo tu.

Zenye vumbi la shaba linalometa kama dhahabu zinaitwa Lutz, kwa jina la Nicholas Lutz, fundi wa kioo aliyefanya kazi Sandwich, Massachusetts. Jina limeganda, lakini gololi hizo ni za Ujerumani, si zake. Msifuate jina, fuateni vitovu.

Gololi za sanamu ni kundi la pekee. Ndani ya kioo angavu kisicho na rangi kuna kinyama au mtu wa udongo mweupe, anayeonekana kama wa fedha kwa sababu ya utando wa hewa uliobaki kati ya udongo na kioo. Nyingi ni kubwa, milimita 30 hadi 50, na zina kitovu kimoja. Sanamu iliyopakwa rangi, au iliyomo ndani ya kioo cha buluu au kijani, ni adimu kwelikweli, ndiyo maana huigwa mno. Mpya hujitambulisha kwa sanamu isiyo na uhai wa umbo, kioo safi kupita kiasi na uso usio na mchubuko hata mmoja. Kitu kilichochezewa chini kwa miaka 100 hakiwezi kuwa hivyo.

Tarakimu 9 ya Akron

Martin F. Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine ya kuviringa gololi mwaka 1905. Mfanyakazi alichota kioo kwa fimbo, akakiacha kidondoke, mwingine akakata, tonge likaangukia kwenye magurudumu mawili yenye mfereji yaliyoliviringa. Kile kitendo cha kuisokota fimbo mkononi ndicho kilichoandika 9. Gololi zake ni za slagi: kioo cha rangi kinachopitisha mwanga kimesokotwa pamoja na cheupe. Kampuni ilifungwa 1917. Kwa hiyo slagi yenye 9 iliyokamilika na mkato mmoja upande wa pili huwekwa hapo bila wasiwasi mkubwa.

Kosa linalorudiwa ni kuipa kila slagi jina la Christensen. Viwanda vya Akro na Peltier, nitakavyovieleza hapa chini, vilitengeneza slagi pia, tena nyingi. Za Peltier weupe wake umechanika laini kama unyoya; za Akro zilizotoka kwa mtiririko wa mashine hazina 9 ya maana.

Akro Agate: mstari usiojikata

Akro ilianza Akron, ikahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914, ikafungwa 1951. Alama yake isiyo na mshindani ni gololi ya parafujo. Chini ya tundu la tanuru paliwekwa kikombe kinachozunguka, rangi zikashuka zimejisokota kabla ya kukatwa. Ili uiite parafujo, weka ncha ya kalamu kwenye mstari wa rangi karibu na mshono mmoja na uufuate: lazima uizunguke gololi walau mara moja nzima, ufike karibu na mshono wa pili, bila kujikata wala kuungana na mstari mwingine. Ukiishia njiani kabla ya kumaliza mzunguko, wakusanyaji huiita nyoka. Ukitangatanga, ukajikunja na kurudi ulikotoka, si Akro ya parafujo hata rangi zikifanana kama mapacha.

Ndani ya parafujo kuna ngazi. Rangi mbili zisizopitisha mwanga ni za kawaida. Kioo angavu kilichojaa nyuzi nyeupe nyembamba pamoja na rangi mbili zaidi huitwa Popeye. Nyekundu na manjano ndiyo utakayoikuta mara nyingi, na kila rangi inayotoka nje ya desturi hiyo inapandisha thamani.

Akro ndiyo pia yenye jina kwa oksibladi, ile nyekundu nzito ya damu iliyoganda. Hapa watu hudanganyika kila siku. Oksibladi halisi haipitishi mwanga hata ukiibandika tochi, na chini ya lenzi ina vinyuzi vyeusi vilivyotapakaa ndani ya wekundu. Nyekundu iliyokoza lakini safi, isiyo na vinyuzi hivyo, ni nyekundu tu. Na si kila oksibladi ni ya Akro, hivyo rudi kwenye mshono na mchoro kabla ya kuandika jina.

Peltier na Christensen wa pili

Peltier ilikuwa Ottawa, Illinois. Gololi zake za miaka ya 1920 mwishoni na 1930 zina msingi usiopitisha mwanga na tepe nne hadi sita pana, zilizozama ndani ya kioo, zinazokwenda kutoka mshono hadi mshono. Za baadaye tepe zake zilikuwa nyembamba na za juujuu. Tofauti hiyo ya kina ndiyo ya kupimia umri: tafuta gololi yenye kipande kilichobanduka, uone kama rangi inaendelea ndani au inaishia kwenye ganda.

Wakusanyaji wamezipa majina. Superman ni buluu hafifu yenye nyekundu na manjano; Christmas Tree ni nyeupe yenye nyekundu na kijani; Liberty ni nyeupe yenye nyekundu na buluu. Majina hayo yalitungwa na wakusanyaji, hayakuwa kwenye sanduku. Usiipe gololi umri kwa kuwa shujaa huyo wa vibonzo alitokea 1938.

Peltier ilitoa pia gololi za picha za vibonzo, wahusika 12: Andy, Annie, Betty, Bimbo, Emma, Herbie, Kayo, Koko, Moon, Sandy, Skeezix na Smitty. Picha ni nyeusi na ilichomwa juu ya kioo chenye kiraka cha rangi nyingine. Ya kughushi mara nyingi ni karatasi ya kubandika juu ya gololi yoyote. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa picha: ukikwama, au ukiona kwenye lenzi utando angavu unaoizunguka picha, iache. Chunguza pia gololi yenyewe; ikiwa mshono na kiraka si vya Peltier, picha haiwezi kuikomboa.

Christensen Agate Company haikuwa na undugu wa kibiashara na Martin Christensen, na kuzichanganya kampuni hizi mbili ni kosa la hata wauzaji wazoefu. Hii ilianzishwa Payne, Ohio, mwaka 1925, ikahamia Cambridge, Ohio, 1927, ikafa 1933. Muda mfupi huo ndio unaozifanya ziwe ghali. Rangi zake zinawaka kama taa, na hapa peke yake ndipo rangi inaruhusiwa kusogea mbele kwenye foleni ya ushahidi. Guinea ni kioo angavu, cha kaharabu au cha buluu iliyoiva, kilichonyunyiziwa vipande vya rangi nyingi vilivyonyooshwa juu ya uso. Vipande vikiwa ndani ya kioo, huitwa Cobra. Nyingi ziko kati ya milimita 14 na 18. Guinea ya milimita 25 iliyo kamilifu ni kazi ya fundi wa leo mpaka ithibitike vinginevyo. Itafute herufi zilizochongwa karibu na kitovu, au kitovu kimoja kilicholainishwa kwa moto.

Waliobaki West Virginia

Master Marble ilianzishwa 1930 na watu waliotoka Akro. Mishono yake ina rangi iliyochanika kama manyoya, na gololi zake angavu zilizojaa nyuzi za rangi hufanana na zile za Akro, ila rangi zimefifia kidogo. Vitro Agate ilianza 1932, pande za Parkersburg. Tafuta viraka vya rangi vyembamba juu ya msingi mweupe, mara nyingi vikiishia kwa ncha ya umbo la V. Marble King ilianza 1949 St. Marys, kiwanda kikaungua 1958, kazi ikahamia Paden City. Muundo wake hausahauliki: kiraka, mkanda, kiraka, rangi mbili zikipokezana, manjano na nyeusi kwa Bumblebee, nyekundu na nyeusi kwa Wasp. Ipate iliyobanduka utaona rangi ni ganda tu juu ya kioo cheupe.

Kisha zipo za msokoto holela, mistari inayotangatanga bila mpango. Alley, Ravenswood, Champion, Heaton, Cairo, Jackson na wengine wote walizitoa, kwa kioo ambacho mara nyingi kilikuwa vigae vya mitungi. Atakayekutajia kiwanda kwa kuitazama picha ya gololi moja ya namna hii, mheshimu, lakini usimlipe. Kilichothibitisha nyingi ni vigae na mabaki yaliyochimbwa kwenye viwanja vya viwanda vyenyewe. Kuandika "msokoto wa West Virginia" kunatosha.

Jicho la paka, yaani tepe ndani ya kioo angavu, lilitoka Japani na kufurika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Viwanda vya Marekani vikaiga kabla muongo haujaisha. Ukiona jicho la paka, umeshaondoa uwezekano wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Utepe mmoja mnene ulionona katikati kama ndizi ni wa Peltier. Tepe nne zilizopangika msalaba ndani ya kioo chenye ukijani wa chupa huelekeza Asia. Gololi mpya yenye uso unaong'aa kama iliyopakwa mafuta na vijibonyeo vidogo mara nyingi ni ya Vacor ya Guadalajara, Meksiko.

Zisizo za kioo, kwa ufupi

Udongo mtupu uliochomwa ni tele na bei yake ni ndogo; Samuel C. Dyke wa Akron alizitengeneza kwa wingi tangu 1884. Zenye gilesi, yaani ganda la kioo lililochomewa juu, ya kahawia au buluu zina madoa duara yasiyo na gilesi, mahali zilipogusana tanurini. Hayo madoa ni uthibitisho, si kasoro. Za akiki zilisagwa kwa mkono Idar-Oberstein, Ujerumani: pitisha mng'ao wa taa na utauona ukirukaruka juu ya vibapa vidogo vilivyoachwa na jiwe la kusagia. Isiyo na vibapa imesagwa na mashine, nayo ni mpya zaidi. Za chuma, ambazo kwa Kiswahili zinashiriki jina na zile za baiskeli, angalia uzito na alama: nyepesi, zenye tupu ndani na alama ya msalaba upande mmoja, ndizo za kuchezea za zamani. Ngumu nzito ni vipuri.

Vipimo na mwanga

Watengenezaji walihesabu kwa sehemu za 16 za inchi, na wauzaji bado wanafanya hivyo. Nusu inchi ni milimita 12.7, 9/16 ni 14.3, 5/8 ni 15.9, 11/16 ni 17.5, 3/4 ni 19.1, inchi moja ni 25.4. Pima pande tatu. Ya mashine hutofautiana kidogo sana. Ya mkono kutofautiana nusu milimita si ajabu. Gololi ya mashine ya kabla ya vita inayozidi inchi moja ni chache mno, hivyo ukubwa huo ukuamshe. Kioo cha kawaida cha milimita 16 kina uzito wa gramu 5.4 hivi, ikipungua sana, umeshika plastiki.

Tochi ya urujuanimno hutumiwa vibaya. Kuwaka kijani kikali kunaonyesha urani ndani ya kioo, basi. Viwanda vingi vilitumia urani kwa vipindi mbalimbali, na mafundi wa leo wanaitumia. Hakuna umri hapo.

Mapovu nayo hayaonyeshi umri, maana yamo katika kioo kibaya cha karne yoyote.

Iliyopigwa msasa

Gololi iliyochubuka husagwa na kung'arishwa, kisha huuzwa kama iliyotunzwa. Ya mkono ikiwa na vitovu vyote viwili vilivyofutika, imesagwa. Ya mashine, mshono haupo, na rangi ambazo zilitakiwa kulala juu ya uso zinaonekana zimekatwa kwa wembe. Kiini kimekaa upande. Kipenyo kimepungua, mathalani parafujo ya milimita 15.1 mahali ungetegemea 15.9. Chini ya lenzi kuna mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja, na mara nyingi vijimwezi vya ndani, yaani nyufa za nusu duara zilizotokana na kugongana, bado vimo chini ya uso ulio laini kabisa. Hilo la mwisho ndilo linalomuumbua aliyeisaga: pigo lililofika ndani halikosi kuwa na alama juu.

Masanduku na mifuko nayo ikaguliwe. Pini zenye kutu ndani ya karatasi isiyo na doa la kutu, au matundu ya pini yaliyo jozi mbili, maana yake mfuko ulifunguliwa na kujazwa upya. Gololi zilizomo zinaweza kuwa za kiwanda kingine kabisa.

Ukimaliza, piga picha nne kwa kila gololi: mshono wa kwanza, mshono wa pili, na pande mbili zilizobaki, kalipa ikiwa ndani ya picha. Andika kwa penseli kipenyo, idadi ya makovu, muundo, jina la kiwanda, na ushahidi uliokufikisha kwenye jina hilo. Ushahidi ukiwa rangi peke yake, acha nafasi ya jina ikiwa tupu. Kisha kila gololi ikae kwenye kijishimo chake cha trei yenye kitambaa. Kwenye mtungi zinagongana, na kila mgongano ni kijimwezi kipya.